Amina ya Bilioni Arobaini

Nchi ninayoisimulia usiitafute kwenye ramani. Ilikuwa na jina refu, zuri, lakini mwaka wa kwanza wa kubana matumizi jina lilipunguzwa ili kuokoa wino, likapunguzwa tena ili kuokoa muda wa watangazaji wa redio, na hadi leo tunajiita tu "sisi hapa". Mipaka bado ipo. Wimbo wa taifa upo pia, ubeti mmoja.

Sisi hapa tulikuwa na kodi ya bati. Kila bati lililokuwa juu ya nyumba ya mtu lililipiwa shilingi elfu tatu kwa mwaka, na maofisa walikuja na ngazi kuhesabu. Nyumba ya makuti haikulipiwa kitu. Kwa hiyo watu wenye uwezo walitandaza makuti juu ya mabati yao, na serikali ikanunua ngazi ndefu zaidi pamoja na fimbo za kufunulia makuti. Mimi nina nyumba ya mabati ishirini na nne. Nataja idadi hiyo mapema kwa sababu Mungu anaijua, na sitaki msomaji aijue baadaye akadhani nilimficha.

Wakati wa uchaguzi, Mheshimiwa Telesfori alisimama juu ya gari akanyanyua kipande cha bati kilichotoboka.

"Ndugu zangu! Mkinipa Hazina, kodi hii naizika!"

Tulishangilia mpaka vumbi likatimka. Mama mmoja aliyebeba ungo akapaza sauti: "Na dawa za zahanati, Mheshimiwa? Si mnatuambia kila siku kwamba bati ndilo linalonunua dawa?"

"Dawa zitatoka kwenye uzembe, mama! Serikali hii imejaa uzembe. Maofisi yamejaa uzembe, makabati yamejaa uzembe. Uzembe ni mali! Tutaukamua!"

Tulirudi nyumbani tukiamini kwamba uzembe ni kama ng'ombe, na kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amefikiria kupeleka ndoo.

*

Mimi ni tarishi wa Wizara ya Hazina na Unafuu. Kazi yangu ni kubeba barua na kugawa chai. Utotoni sikusoma. Nilianza darasa la jioni nikiwa na miaka arobaini na sita, kwa Mwalimu Kandida, katika stoo ya zamani ya pamba nyuma ya soko. Tulikuwa ishirini na mmoja: wauza mihogo, mafundi baiskeli, mlinzi mmoja wa benki aliyekuja na rungu lake. Mwalimu Kandida alilipwa na serikali mshahara mdogo kiasi kwamba hata wizi ulikuwa unaupita bila kuuona. Kabla ya kumjua, nilibeba barua za serikali miaka kumi na tisa bila kujua zinasema nini, na nilikuwa na usingizi mzuri sana.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa sala, wizarani waliniita Mtumishi, kwa maana ya mtumishi wa Mungu. Kila kikao nilikifungua mimi kwa maombi. Vikao vyetu havianzi bila sala, kama ambavyo haviishi bila posho.

Mheshimiwa Telesfori alipopewa Hazina, aliunda Kamati ya Kubana. Kamati ilifanya kazi kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona pale. Saa za ukutani zilitolewa betri, zikaachwa zionyeshe saa nne kamili, ambao ni muda wa chai. Chai ikaendelea bila sukari, kisha bila majani. Taa za ngazini zilizimwa, na Mkurugenzi wa Mipango akavunjika mguu, jambo lililoingizwa kwenye taarifa kama akiba ya mafuta, kwa sababu gari lake halikutoka mwezi mzima.

Baada ya miezi mitatu, Mtakwimu Mkuu, Bwana Gerevasi, alisimama na karatasi moja.

"Mheshimiwa, hadi jana tumeokoa milioni tatu na laki mbili. Vikao vya kuziokoa vimegharimu milioni tisa."

"Endelea," Waziri akasema. "Naona tunaelekea vizuri."

"Kodi ya bati inaleta bilioni arobaini kwa mwaka. Maofisi yote ya serikali, ukiweka kando mishahara, dawa na madeni, yanatumia bilioni kumi na moja. Tukiyafunga yote leo, tukafanyia kazi nje na kuandika kwa mkaa, bado zinapungua bilioni ishirini na tisa."

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la maji ya moto, tuliyokuwa tukiyaita chai.

"Tatizo lako, Bwana Gerevasi," Waziri akasema kwa upole, "wewe unahesabu kilichopo. Mimi nahesabu kinachowezekana."

*

Jumatatu iliyofuata, bajeti ikiwa imebakiza wiki mbili, Waziri aliingia kikaoni macho mekundu. Hakuketi.

"Mtumishi, leo tuombee kwa nguvu. Usiombe kijumlajumla. Mungu anapenda mtu ataje."

Nakiri kwamba nilifurahi. Mtu mkubwa kama yule, aniombe mimi! Nilifumba macho nikataja. Nikasema: "Bwana, uliyewashushia watu chakula jangwani wakaokota asubuhi, sisi tunahitaji bilioni arobaini. Si thelathini na tisa, Bwana. Tupokee bilioni arobaini za akiba leo hii, katika kikao hiki, kabla ya chai."

"Amina!" wakaitikia wote, kwa sauti moja. Hata Bwana Gerevasi aliitikia. Baadaye aliniambia aliitikia kwa mazoea.

Sasa lazima niwaeleze Kanuni za Vikao za sisi hapa. Kanuni ya nne inasema: jambo lolote likisemwa mbele ya kikao na wajumbe wote wakaliitikia kwa sauti moja, limepita. Haisemi jambo hilo limesemwa huku macho yamefumbwa au yamefumbuliwa. Kwa miaka mingi haikumdhuru mtu, kwa sababu sala zetu zilikuwa za rehema, amani na safari njema, na Bi Skolastika, katibu wa vikao, aliziandika zote neno kwa neno.

Juma lililofuata nilipewa kumbukumbu za kikao kile nizigawe. Nikaanza kusoma huku natembea, kidole kikiwa kwenye mstari, kama Mwalimu Kandida alivyotufundisha. Kifungu cha kwanza kilisema: *Kikao kilipokea bilioni arobaini za akiba. Wajumbe wote waliafiki.*

Nikarudi mezani kwa Bi Skolastika.

"Dada, hapa… mimi nilikuwa naomba."

"Najua ulikuwa unaomba, Mtumishi. Uliomba vizuri, mpaka machozi yalinitoka."

"Lakini umeandika tumepokea."

"Sasa ulitaka niandike nini? Kwamba wajumbe wazima wa serikali waliitikia kitu wasichokiamini?"

"Hazipo, dada. Hakuna hata sumni."

Alivua miwani akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Mwaka juzi niliandika tumepokea hekima. Wewe uliiona?"

Kikao kikaanza. Waziri akauliza, kama ilivyo desturi, kama kuna mwenye marekebisho kwenye kumbukumbu. Hapo ndipo nilipotenda dhambi yangu, na nilitenda nikiwa nimesimama wima, mikono yote miwili ikiwa imeshika sinia. Sisi hapa, kumbukumbu zikishathibitishwa hazirekebishwi na mtu yeyote aliye hai. Nilijua. Nilihitaji kusema maneno manne tu: ile ilikuwa sala tu.

Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu. Mabati ishirini na nne, kila moja elfu tatu, ni elfu sabini na mbili kwa mwaka. Hesabu hiyo nilijifunza darasani, na nilijivunia kuifanya kichwani. Nilikuwa nimeshanunua kwa mawazo viatu vya mke wangu na Biblia ya herufi kubwa. Nikanyamaza, tena nikajiambia kwamba kunyamaza ni unyenyekevu.

Bwana Gerevasi akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, naomba kufahamu. Fedha hizi ziko akaunti gani?"

"Unapinga Amina, Bwana Gerevasi?"

"Siipingi Amina. Naulizia akaunti."

"Aaah!" kikao kizima kikaguna.

Alasiri ile Bwana Gerevasi alistaafishwa kwa manufaa ya umma, na mshahara wake ukawa akiba ya kwanza katika mpango mzima iliyoweza kuonekana kwa macho. Nilimbebea boksi lake la vitabu hadi getini.

"Mtumishi," akaniambia, "nakuuliza kama ndugu. Siku ile uliomba, au ulipewa?"

"Niliomba, kaka."

"Basi rudi ukawaambie. Wewe watakusikia."

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Ngoja kwanza niliombee jambo hili."

Alichukua boksi lake mikononi mwangu. "Mwenzangu," akasema, "hilo ndilo lililotufikisha hapa."

*

Hotuba ya bajeti ilisomwa redioni kwa saa tatu. Waziri alieleza kwamba sisi hapa tumekuwa nchi ya kwanza duniani kupata akiba kubwa kuliko matumizi yaliyobanwa, na kwamba wataalamu wa nje wameomba kuja kujifunza lakini wamekataliwa ili kuokoa viti. "Fedha hizi hazitokani na mkopo," alisema. "Hazitokani na msaada. Hazitokani na mahali popote!" Wabunge wakapiga meza. Kisha akatangaza kodi ya bati imekufa, na bunge zima likasimama dakika moja kwa furaha.

Mji ulicheza. Ngazi za serikali zilichomwa moto hadharani, ingawa zilikuwa mpya. Watu waliotandaza makuti waliyatupa, na mabati yaling'aa mji mzima kama bahari. Nilipanda juu ya nyumba yangu nikayafuta yote ishirini na nne kwa kitambaa. Mke wangu akaniuliza kutoka chini: "Mbona unafuta huku unalia?" Nikamwambia ni jua.

Mwezi wa pili, zahanati ya kata yetu ilianza kugawa ushauri mahali pa dawa. Mwezi wa tatu, pampu ya maji ilizimwa kwa kukosa dizeli, ikaitwa pampu ya akiba. Mwezi wa nne Waziri aliniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Mtumishi, zile bilioni. Hazina wanasema hawazioni. Rudia ile sala."

Nilipiga magoti kwenye zulia lake. Nikafumba macho. Nimesali tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, na sijawahi kukosa neno, lakini siku ile nililikosa. Nilijua kwamba nikisema chochote kitaandikwa.

"Mheshimiwa," nikasema, "siku ile nilikuwa naomba tu."

Hakukasirika. Alisema: "Mimi nilijua, Mtumishi. Nilidhani wewe ndiye usiyejua." Akabonyeza kengele. "Basi tutafute zile za kawaida."

Za kawaida zilipatikana kwa siku mbili, katika orodha ya vitu vya kufutwa. Wakunga mia mbili. Chanjo za mifugo. Madaraja mawili, ambayo tayari yalikuwa na watu juu yake. Na katika ukurasa wa sita, nilipokuwa nikipanga nakala, nilisoma kwa kidole: *Elimu ya jioni ya watu wazima. Sababu za kufuta: wahusika ni wazima, nao wameishi miaka yote hiyo bila kusoma, jambo linalothibitisha kwamba inawezekana.*

Barua za kufuta zilikabidhiwa tarishi. Tarishi ni mimi.

*

Nilifika darasani saa kumi na moja jioni, nimechelewa. Nilikuwa nimezunguka soko mara tatu nikitafuta ujasiri, na nimenunua karanga ambazo sikuzila.

"Nikodemu," Mwalimu Kandida akasema, "leo umekuja na bahasha?"

"Barua yako, Mwalimu. Ya serikali."

"Vizuri sana. Nimechoka na hadithi za sungura. Leo tunasoma barua halisi. Simama mbele, usome kwa kituo, kila mtu asikie."

"Mwalimu, soma wewe kwanza."

"Mimi najua kusoma. Anayejifunza hapa ni nani?"

Darasa likacheka. Mama Zuwena, muuza mihogo ambaye huketi mbele kwa sababu ya macho yake, akasema: "Soma, baba, usitulingie. Au barua ya mahaba hiyo?"

Nilifungua. Nikasoma: "Kufuatia kupatikana kwa bilioni arobaini za akiba, na ili akiba hiyo iweze kupatikana, unaarifiwa kwamba darasa lako limefutwa kuanzia leo na ajira yako imekoma bila malipo."

"Hapo kuna mkato baada ya 'leo'?" Mwalimu akauliza.

Nikatazama. "Hakuna, Mwalimu."

"Basi umepumzika pasipo na kituo. Rudia."

Nikarudia. Nilimfukuza kazi mara mbili, na mara ya pili nilisoma vizuri zaidi. Nikamalizia: "Vifaa vya serikali, yaani ubao mmoja na chaki zilizosalia, virejeshwe kwa mkono wa aliyeleta barua hii."

Mlinzi wa benki aliweka rungu lake sakafuni polepole. Mama Zuwena ndiye aliyesema.

"Mimi sielewi. Kama bilioni arobaini zimepatikana, ya nini tena kuja kuchukua ubao?"

"Hazikupatikana," nikasema.

"Redio ilisema zimepatikana."

"Ilikuwa sala, mama. Niliomba mimi, kwenye kikao. Wakaitikia Amina, wakaandika tumepokea. Nilisoma kilichoandikwa. Waliuliza kama kuna marekebisho, nami nilikuwepo."

"Ukasemaje?"

"Nilinyamaza."

Alinitazama mpaka nikatamani anitukane. "Yaani siku ile nilimwaga mihogo yangu nikacheza sokoni, nilikuwa nacheza dua yako? Wewe una mabati mangapi?"

"Ishirini na nne."

"Ishirini na nne! Mimi nina manane." Akawageukia wenzake. "Jamani, mimi nimemuuza mwalimu kwa mabati manane. Angalau huyu amepata bei nzuri."

Nilimtazama Mwalimu Kandida nikisubiri aseme amenisamehe. Nilikuwa nimeomba asubuhi ile aseme. Alikuwa akihesabu chaki: nne nzima na vipande saba. Akanipa moja nzima.

"Njoo ubaoni. Andika ulichotuambia."

"Mwalimu, kumbukumbu zikishathibitishwa hazirekebi…"

"Sikukuambia urekebishe kumbukumbu za watu. Nimekwambia uandike. Andika kubwa, Zuwena haoni vizuri."

Niliandika. Mstari wa pili ulipanda kama njia ya mlima, lakini hakunikosoa. *Mimi Nikodemu niliomba bilioni arobaini. Hazikuja. Nilijua, nikanyamaza.* Nyuma yangu nilisikia madaftari yakifunguliwa. Watu ishirini walinakili dhambi yangu, herufi kwa herufi, huku ndimi zikiwa zimetokeza pembeni mwa midomo kama tunavyoandika sisi tulioanza tukiwa wakubwa. Mwalimu alipita meza kwa meza akiweka vema. Kwa Mama Zuwena alisimama kidogo. "Umeandika vizuri," akamwambia. "Wiki ijayo tungeanza herufi za kuunganisha." Kisha akachukua mkoba wake na mtandio wake.

Nikainua kifutio.

"Kiache," akasema. "Barua imesema ubao urejeshwe. Haikusema ufutwe."

Alinisaidia yeye mwenyewe kuufunga kwa kamba mgongoni kwangu, maandishi yakiangalia nje, akakaza fundo kama mama anayemfunga mtoto. Akanipa chaki, pamoja na karatasi ya makabidhiano nikaitia saini. Ilikuwa saini yangu ya kwanza kwenye karatasi ya serikali. Hadi siku ile nilikuwa naweka dole gumba.

Kutoka stoo ya pamba hadi wizarani ni lazima upite katikati ya soko. Jua lilikuwa bado halijazama, na watu walikuwa wengi. Nilipofika kwenye mabanda ya nguo mikono yangu ilishaanza kuitafuta kamba. Fundo lingefunguka, ubao ungegeuka, na maandishi yangeangalia mgongo wangu. Nani angejua? Nilianza kuomba nipewe nguvu, kisha nikaacha, kwa sababu nilikwisha kuona ninavyoitumia sala.

Basi nikasikia sauti nyuma yangu, ya mtu mzima, ikitafuta njia silabi baada ya silabi: "Mi-mi… Ni-ko-de-mu… ni-li-o-mba…"

Sikugeuka kumtazama. Nilipunguza mwendo, ili amalize.